Mikono Iliyoifikisha Barua

Kanisa limeishi kwa barua tangu mwanzo. Kati ya vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni nyaraka. Kila Jumapili msomaji anaposimama kututajia waraka wa siku, tunasikilizishwa barua waliyoandikiwa watu wengine, katika mji mwingine, na bado tunaipokea kama iliyoandikwa kwetu. Lugha yetu imelitunza jambo hili vizuri. Neno waraka tunalitumia kwa barua za Mtume Paulo, na neno hilohilo, likiwa katika wingi, ndilo tunalolitumia kwa karatasi za zamani za visiwa hivi zinazohifadhiwa pale Kilimani. Kanisani na Kilimani kazi ni moja: kutunza kilichoandikwa na waliotutangulia, na kujaribu kukisoma kwa haki.

Kwa sababu hiyo nimeona inafaa, katika kitabu hiki cha imani, kumjadili msanii mmoja aliyeifanya barua kuwa sanaa yake. Alighiero Boetti alizaliwa Torino, nchini Italia, mwaka 1940, akafariki Roma mwaka 1994. Leo kumbukumbu za kazi yake zinatunzwa Roma, katika hifadhi yenye jina lake. Mwaka 2011 na 2012 kazi zake zilikusanywa kwa maonyesho makubwa yaliyopita Madrid, London na New York. Hakuwa mhubiri, nami sitamgeuza awe mhubiri. Lakini kazi zake zinauliza swali ambalo sisi tunaosali Mkunazini hatuwezi kulikwepa: kazi iliyopita katika mikono mingi ni ya nani, na wale walioifikisha wanadaiwa nini?

Bahasha na stempu

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Boetti alianza kuitumia posta kama mchoraji anavyotumia brashi. Alichukua bahasha, akabandika stempu za rangi na thamani mbalimbali, akaandika anwani, akazipeleka posta. Siri ilikuwa katika mpangilio. Stempu tatu zilizo tofauti, zikiwekwa katika mstari mmoja, zinaweza kupangwa kwa njia 6. Zikiwa nne, njia ni 24. Zikiwa tano, ni 120, na zikiwa sita ni 720. Boetti alizifuata njia hizo moja baada ya nyingine, kila bahasha na mpangilio wake, kisha akaziweka ukutani zikiwa zimekaribiana. Ukisimama mbali unaona kitu kama mkeka wa rangi. Ukisogea karibu unaanza kuona mihuri, tarehe, na majina ya miji ambako barua zilipita.

Wajuzi huiita sanaa hii sanaa ya posta. Ni ndugu wa karibu wa ile sanaa ya kubandika, ambamo msanii hukata vipande vya magazeti, picha na karatasi zilizokwisha kutumika na kuviunganisha kuwa kitu kipya. Katika zote mbili msanii hatengenezi kila kitu kwa mkono wake. Huchukua vitu vilivyotengenezwa na wengine, kwa makusudi mengine, akaviweka pamoja mpaka vinasema jambo ambalo havikuwa vikilisema vilipokuwa mbalimbali.

Wazanzibari hatuna haja ya kwenda Roma kuielewa sanaa hiyo. Stempu za kwanza zilizobeba jina la Zanzibar, mwaka 1895, zilikuwa stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria, zikapigwa chapa ya jina la kisiwa chetu juu yake. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, stempu zilizokuwa na picha ya Sultani zilipigwa chapa ya neno Jamhuri pamoja na mwaka. Aliyeipeleka barua yenye stempu hiyo pale Posta ya Shangani alikuwa amebeba kipande cha karatasi chenye tawala mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna aliyekusudia iwe sanaa, lakini anayeitazama leo anaona historia nzima katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

Jambo ninalolithamini zaidi katika bahasha za Boetti ni muhuri. Stempu alizipanga yeye. Muhuri hakuupanga. Karani wa posta, ambaye hakuwa na habari kwamba anashiriki katika sanaa, aliugonga palipomwangukia: wakati mwingine katikati ya stempu, wakati mwingine pembeni, wakati mwingine wino ulikuwa umeisha nusu. Boetti hakuzitupa bahasha ambazo muhuri wake ulikaa vibaya. Aliacha nafasi ndani ya kazi yake kwa mkono wa mtu asiyemjua, akaukubali ulivyokuja. Huo ni unyenyekevu, na si wa maneno matupu. Wengi wetu, hata katika huduma za kanisa, tunapenda wenzetu wachangie mradi mchango wao ufanane kabisa na tulivyokuwa tumekwisha kupanga wenyewe.

Barua inayorudi

Kati ya mwaka 1969 na 1970 Boetti alifanya kazi aliyoiita Dossier postale, yaani jalada la posta. Aliwachagua watu wapatao ishirini na zaidi, wengi wao wakiwa wasanii, wahakiki na wafanyabiashara wa sanaa, akawaandikia barua. Lakini kila moja aliielekeza kwenye anwani ambayo mwenyewe hakuwa akiishi. Barua ilikwenda, ikamkosa mwenyewe, ikarudi. Boetti akaweka kumbukumbu ya bahasha iliyorudi, akaitia ndani ya bahasha nyingine kubwa zaidi, akaituma tena kwenye anwani nyingine ya kubuni. Ikarudi tena. Kwa njia hiyo kila mtu alifanyiwa safari ambayo hakusafiri, na kumbukumbu za safari hizo zikabaki katika jalada.

Kwa ufundi, kazi hii ni nzuri. Inatuonyesha jinsi mashine kubwa ya posta, pamoja na makarani wake na magari yake na sheria zake, inavyofanya kazi kwa uaminifu uleule kwa barua yenye habari ya msiba na kwa barua isiyo na pa kwenda. Inachekesha pia, na mchezo ni halali kwa msanii.

Hata hivyo nashindwa kuitazama kwa kicheko peke yake, na sababu ni mahali ninaposimama ninapoitazama. Kanisa letu la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, kwa mkataba ambao Sultan Barghash alitiliana saini na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Waliouzwa pale walikuwa watu waliopelekwa kwenye anwani zisizokuwa zao. Walitoka Nyasa, Uyao, Manyema na kwingineko, wakafikishwa Unguja, na wengi wakapelekwa mbali zaidi. Wao hawakuwa na muhuri wa kuwarudisha. Mtoto aliyekamatwa akiwa na miaka mitano au sita hakuweza kutaja njia ya kurudi kwao, na wakati mwingine hata kijiji chenyewe kilikuwa kimekwisha kuchomwa moto. Misheni ya UMCA ilipoanza kuwapokea watoto waliokombolewa, mwaka 1864, iliwapa shule, nguo na jina jipya la ubatizo. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo mwaka 1890. Jina Majaliwa linasema lenyewe. Jina Cecil ni kama stempu ya nchi nyingine iliyobandikwa juu yake.

Kwa watu wenye historia kama hiyo, barua inayotumwa makusudi ikakose mwenyewe si jambo jepesi. Boetti alikuwa na uhuru wa kucheza na anwani kwa sababu anwani yake mwenyewe ilikuwa salama. Barua zake zilikuwa na pa kurudi. Simlaumu kwa kuwa na nyumba. Ninasema tu kwamba kazi hii inamwambia mtazamaji wa Torino jambo moja, na mtazamaji wa Mkunazini jambo jingine, na mhakiki anayeandika kutoka hapa ana wajibu wa kulisema hilo la pili.

Tunao waraka wetu unaohusu kurudishwa: ule wa Paulo kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake, anarudi kwake, na anarudi na barua inayomhusu yeye mwenyewe. Ni waraka mgumu kuusoma juu ya ardhi ya soko la zamani. Paulo hasemi kwa maneno ya wazi kwamba Onesimo aachwe huru, na tusijifanye kuwa amesema. Lakini anafanya jambo ambalo bahasha za Boetti hazilifanyi. Anataka aliyeondoka akiwa mtumwa apokewe akiwa ndugu mpendwa, na yuko tayari kulipa deni lake kama lipo. Barua za Boetti zilirudi zikiwa na mihuri mingi zaidi, lakini ndani zilikuwa zilezile. Onesimo alirudi akiwa na nafasi nyingine mbele ya yule aliyemrudia, au angalau Paulo alidai iwe hivyo.

Bahari ya rangi ya waridi

Kazi iliyompa Boetti sifa kubwa zaidi ni ramani zake. Mwaka 1971 alikwenda Kabul, Afghanistan, na huko akaanzisha hoteli ndogo pamoja na Mwafghani aitwaye Gholam Dastaghir. Akaanza kuagiza ramani za dunia zilizodariziwa kwa mkono, ambamo kila nchi inajazwa rangi za bendera yake. Zilitengenezwa karibu 150, kuanzia mwaka huo mpaka alipofariki mwaka 1994. Tanzania imo, na ile mistari yake ya kijani, njano, nyeusi na buluu imeshonwa uzi kwa uzi. Boetti alitoa mchoro. Waliodarizi ni wanawake wa Afghanistan, na baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia nchini mwao mwaka 1979, kazi iliendelea miongoni mwa wakimbizi wa Kiafghani huko Peshawar, Pakistan. Ramani hizi nazo zilisafiri kama barua: mchoro ulikwenda kutoka Italia, ukakaa mwaka mzima au zaidi katika nyumba ambazo msanii hakuingia, kisha ukarudi ukiwa umevaa nyuzi.

Katika pindo za ramani kuna maandishi, ya Kiitaliano na ya Kiajemi, yanayozunguka pande zake. Msomaji wa Unguja ataona mara moja anachokifahamu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Wazee husimulia kwamba leso za kwanza za pwani yetu zilipatikana kwa kushona pamoja vitambaa vidogo vya leso vilivyochapwa, sita sita, mpaka vikatosha kujifunga. Yaani wanawake wa pwani walifanya sanaa ya kuunganisha vipande kabla haijapewa jina Ulaya. Na kanga ikishapata jina lake, hutumwa. Mke humvalia mume, jirani humvalia jirani, mama humpelekea binti aliyejifungua. Hiyo ni barua isiyohitaji posta, na aliyekusudiwa huwa anajua kwamba ni yake.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu ramani hizo. Afghanistan haina pwani. Wengi wa waliodarizi hawakuwa wameiona bahari, na ramani yenyewe haikuwa kitu walichokizoea. Wakati mmoja ramani ikarudi na bahari ya rangi ya waridi, kwa kuwa uzi wa rangi hiyo ndio uliokuwapo kwa wingi. Boetti hakuikataa wala hakuagiza ifumuliwe. Aliipenda, na tangu hapo akawaachia wanaodarizi wachague wenyewe rangi ya bahari.

Sisi tumezungukwa na bahari na tunajua rangi zake zote, kuanzia kijani cha Nungwi wakati wa maji kupwa hadi weusi wa mkondo wa Pemba. Tungeweza kucheka. Lakini kabla ya kucheka tukumbuke nguzo zetu. Wanaowatembeza wageni kanisani Mkunazini huwaonyesha nguzo zilizo karibu na birika la ubatizo na kuwaeleza kwamba zimesimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kuwa Askofu Edward Steere alikuwa safarini, mafundi wakaziweka kama walivyoona inafaa, naye aliporudi akaziacha hivyo. Zinaendelea kubeba uzito wake mpaka leo.

Nguzo zile na bahari ile zina simulizi moja. Mwenye mchoro alikuwa na wazo lake. Mwenye mkono akafanya kwa anachokijua yeye. Mwenye mchoro akarudi, akatazama, akaacha. Naamini katika kuacha huko kuna kitu cha kiroho hasa. Mtu anayesahihisha kila kitu mpaka kifanane na alichokiwaza hawezi kushangazwa na Roho Mtakatifu, maana hakuacha mahali pa kushangazwa. Steere alikuwa mtu wa sarufi na kamusi, mtu wa kupima maneno, naye ndiye aliyeifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili hapa kisiwani. Kwa mtu wa namna hiyo, kuacha nguzo zikae kichwa chini hakukuwa jambo dogo.

Jina la nani?

Hapa ndipo sifa zangu kwa Boetti zinapofika ukomo wake, na naomba msomaji asiharakishe.

Ramani zile zinaitwa ramani za Boetti. Zinauzwa kwa mamilioni ya dola zikiwa na jina lake. Wanawake waliozidarizi hawatajwi mmoja mmoja. Kwa desturi za mahali pale mwanamume mgeni hakuweza kukaa nao, kwa hiyo maagizo yalipitia kwa wanaume wa kati. Mwaka 1990 mpiga picha wa kike, Randi Malkin Steinberger, alikwenda Peshawar akawapiga picha wakiwa kazini. Picha hizo ni za thamani kwa kuwa zinatuonyesha vidole, sindano na nyuso. Lakini uso usio na jina bado ni barua isiyo na mwandishi.

Watetezi wake wanayo majibu, na ni haki yasikike. Wanasema kwamba Boetti aliwapa kazi yenye ujira watu waliokuwa katika vita na ukimbizi. Ni kweli, na ujira ni kitu chema kuliko sifa isiyolisha watoto. Wanasema pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulivunja jina la msanii: tangu mwanzo wa miaka ya 1970 alitia saini Alighiero e Boetti, yaani Alighiero na Boetti, kana kwamba ni watu wawili, ili kuonyesha kwamba hakuna kazi ya mtu mmoja. Na wengine watasema kwamba hata makanisa ya kale yalijengwa na mafundi wasiojulikana, waliofanya kazi kwa utukufu wa Mungu bila kudai kutajwa.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayotugusa sisi, kwa sababu tunaitumia mara kwa mara. Tunasema Mungu anawajua, yatosha. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayelificha jina lake mwenyewe na mtu ambaye jina lake limefichwa na mwingine. Wa kwanza ametoa sadaka. Wa pili amenyang'anywa. Bwana wetu alitufundisha kutoa sadaka kwa siri, mkono wa kushoto usijue. Hakutufundisha kuficha sadaka ya jirani. Na Boetti alipojigawa akawa wawili kwa saini yake, wale wawili walikuwa yeye na yeye. Nafasi ya wa tatu, aliyeshika sindano, haikupatikana.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo ni la wasanii wa kisasa peke yao. Kanisani kwetu kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, nchini Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa chini ya mti mwaka 1873. Mwili wake ulibebwa na wasaidizi wake mpaka Bagamoyo, ukavuka kuja Unguja mwaka 1874, kisha ukapelekwa kuzikwa Westminster Abbey, London. Kama kuna mzigo uliowahi kufikishwa kwa uaminifu kupita mzigo wowote uliopitia posta, ni huo. Jiwe la kaburi kule London linakiri kwamba mwili ulifikishwa na mikono iliyo mwaminifu. Halisemi ni mikono ya nani. Sisi tunajua baadhi ya majina: Chuma, Susi, Jacob Wainwright. Chuma alifia hapahapa Unguja mwaka 1882. Wengine waliobeba kwa zamu, bega kwa bega, miezi mingi, hawajulikani kabisa kwa wanaopita juu ya jiwe lile.

Sasa tulinganishe na waraka wa Paulo kwa Warumi. Ni waraka mzito kuliko zote, na wanatheolojia wameandika maktaba nzima juu yake. Lakini sura ya mwisho, ambayo wasomaji wengi wanairuka, imejaa majina. Inaanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ambaye Paulo anawaomba Warumi wampokee vizuri. Wengi wanaamini yeye ndiye aliyeichukua barua. Wanafuata Priska na Akila, na watu wengine zaidi ya ishirini, wanaume kwa wanawake, baadhi wakiwa na majina yaliyokuwa ya kawaida kwa watumwa wa Rumi. Kisha, katikati ya salamu, sauti nyingine inaingia ghafla. Ni Tertio, aliyekuwa ameshika kalamu. Anajitaja kwa jina lake mwenyewe na kusalimu. Paulo, mtume, mwenye mamlaka ya kuufuta mstari ule, aliuacha.

Naona kuacha huko kunapita kule kwa Boetti. Boetti aliacha rangi ya mkono wa mwingine ibaki katika kazi yake. Paulo aliacha rangi na jina. Mkono mmoja haulei mwana, na waraka kwa Warumi umekubali wazi kwamba mkono mmoja hauandiki wala haufikishi Injili.

Yatupasayo

Msomaji anaweza kuuliza: sisi waumini wa Unguja, tulio wachache, tunahusikaje na ramani zilizo katika makumbusho ya New York? Tunahusika kwa sababu tunaweza kujipima kwazo.

Ukutani kwetu kuna vibao vya kumbukumbu. Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya altare, na watu huonyeshwa kaburi lake. Ni haki yake. Lakini waliochoma chokaa, waliobeba mawe ya matumbawe kutoka pwani, waliosimamisha zile nguzo, baadhi yao wakiwa wametoka utumwani miaka michache kabla, hawana kibao. Sehemu kubwa ya barua za misheni ziko mbali, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, na ndani yake wanaoandika ni wale waliokuwa na kalamu. Tukizisoma tutakuta maneno kama mafundi, vijana wetu, wapagazi. Ni kazi ya watu wa hapa, wenye subira, kuzisoma barua hizo pamoja na madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko, na kutafuta jina moja baada ya jingine pale linapopatikana.

Hayo ni ya zamani. Ya leo ni rahisi zaidi na hatuyafanyi. Nani alidarizi kitambaa cha altare kilichotumika Pasaka iliyopita? Nani hushona kanzu za kwaya? Nani aliandika kwa mkono madaftari ya kwaya kabla hatujapata kompyuta? Nani alikuwa akiwapelekea Komunyo wagonjwa wa Ng'ambo kwa baiskeli? Wazee wanaojua majibu wanaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka na majina kadhaa. Kila mtaa ungekuwa na daftari moja la kawaida, lenye jina la mtu, alichokifanya na mwaka wake, tungekuwa na sura yetu ya 16 ya Warumi. Halihitaji msanii wala fedha za wafadhili. Linahitaji katibu wa Umoja wa Akina Mama mwenye kalamu, na mchungaji anayekumbusha.

Kuhusu Boetti, uamuzi wangu ni huu. Apewe heshima kwa muhuri aliouacha ukae ulipoangukia, na kwa bahari ya waridi aliyoikubali. Alijua kwamba kazi ya mtu mmoja ni ndogo, na aliithibitisha imani hiyo kwa vitendo kuliko wengi wanaoihubiri. Lakini hifadhi yake ikifunguliwa, na ramani zikitandazwa mezani, bado kuna mstari unaokosekana katika zile pindo zenye maandishi. Ni mstari wa Tertio. Yeyote atakayeipata nafasi ya kuziona ramani hizo, katika kitabu au katika jumba la makumbusho, aitafute kwanza Tanzania, kwa kuwa ni furaha kuiona. Kisha autazame uzi wenyewe kwa karibu, hatua kwa hatua, na awaombee waliouvuta, mpaka siku majina yao yatakapojulikana.